Jembe Nililompa Mkamwana

4 Desemba 1994

Mimi Pankrasi naanza kuandika leo. Bashiru fundi cherehani, jirani yangu, alisema mbele ya watu kwamba sisi wa kisomo cha watu wazima herufi zimeshatutoka, tumebaki na cheti ukutani. Nikamwambia nitaandika masika yote, kuanzia mvua ya kwanza mpaka ya mwisho, halafu nitakusomea wewe na cherehani yako, mnyamaze wote wawili. Akacheka. Acheke tu. Darasani kwetu niliwapita wote, hata mwalimu alikuwa akikwama ananiangalia mimi.

Mvua imeanza jana. Mbolea hakuna. Zamani ushirika ulileta mpaka kijijini, sasa wanasema soko huria, kila mtu ajitafutie. Kila kitu huria. Hata mbuzi wa jirani wamekuwa huria kwenye bustani yangu.

Na jambo jingine liandikwe hapa mwanzoni. Mimi ndiye fundi wa katambuga. Kutoka hapa kwetu mpaka Madaba, ukikuta mtu amevaa katambuga za tairi zisizokatika, muulize, atakwambia za Pankrasi. Msumari wangu naupinda, naugonga, unalala. Haujamchoma mtu tangu nianze kazi hii. Sasa mwanangu Leonce amekaa Majengo mjini anauza viatu vya mitumba, vya kafa Ulaya, na watu wanaacha vya baba wanafuata vya mwana. Hiyo nayo huria.

9 Desemba

Nimepanda bondeni. Mvua nzuri. Mbolea hakuna.

14 Desemba

Amekuja. Imaculata, mke wa Leonce. Miaka miwili alikuwa ng'ambo anasoma, watoto kamwachia bibi yao, mke wangu Walburga. Alikuwa nesi mwenye digrii tayari, ikaonekana haitoshi, akafuata digrii ya pili. Nilimuuliza Leonce, digrii ya pili ya nini, kwani bomba la sindano lina madarasa? Akasema si kuchoma sindano, baba. Anasomea kuwapima watu wazima hukuhuku kwenye zahanati, presha, sukari, macho, miguu, ugonjwa ukamatwe kabla haujamwangusha mtu. Yaani ametumwa kuwatibu watu wazima wasioumwa. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Atakaa zahanati ya hapa kijijini mpaka Pasaka, hayo ndiyo mazoezi yake. Mwezi wa tatu mwalimu wake atakuja kumwona anavyopima. Akiridhika, anapata digrii. Asiporidhika, basi.

Na atalala kwangu. Hapa ndipo nilipokasirika. Wajukuu wangu wakisoma haya wajue: kwetu mkamwana na baba mkwe hawagusani. Hapiti mbele yangu, hali nami, hataji jina langu, hanipi kitu mkononi, anakiweka chini, nami nakiokota. Akinisalimu anapiga magoti pembeni ya mlango na uso ameuinamisha. Leo kanisalimu hivyohivyo. Shikamoo baba. Nikaitika marahaba. Ng'ambo haijamharibu kwa hilo, nakubali. Lakini huyohuyo kesho ashike mikono ya wanaume wa kijiji hiki, awaambie wafungue mashati, halafu jioni aje kupiga magoti kwangu? Hapana.

18 Desemba

Baada ya misa nilisimama nje ya kanisa nikawaambia wanaume. Mke wa Leonce ni mkwe wangu, kwa hiyo ni mkwe wa kijiji. Mwanaume wa hapa asiende kumvulia shati. Wanawake waende wakitaka. Wamenisikia. Mimi nikisema, hapa watu wanasikia.

Walburga hajanipakulia chakula leo. Kasema amesahau.

25 Desemba

Noeli. Leonce kaja na viatu vya mitumba, vyeusi, vya kufunika mguu mzima, laini kama mkate. Kasema Imaculata ndiye aliyemwagiza, baba avae hivi, aache katambuga, miguu ya mzee inataka kufunikwa. Nilivishika nikaviangalia kisigino. Vimegundishwa kwa gundi. Hakuna hata msumari mmoja. Kiatu kisicho na msumari ni soksi.

Nikamwambia mwanangu, mtu aliyevivaa hivi alikufa, na mimi bado. Vipeleke.

Aliviacha mlangoni. Vimenyeshewa.

3 Januari 1995

Mvua. Palizi. Walburga anasema nakunywa maji mengi mno, mtungi haumalizi siku. Nimemjibu kwamba mwanaume anayefanya kazi anakunywa.

9 Januari

Bashiru kaenda zahanati. Rafiki yangu. Aliyekuwa amesimama pembeni yangu siku ile nje ya kanisa, ingawa yeye ni mtu wa msikiti, alikuja tu kunisikiliza. Kavaa kofia yake ya Ijumaa, kaenda mchana kweupe, wanawake wote wa foleni wamemwona.

Akarudi anatembea kama bwana harusi. Kasema ana presha. Imaculata kamfunga kitambaa mkononi, kakipuliza kwa kimpira, kasikiliza, kampima mara ya pili baada ya kumpumzisha, halafu kamwambia chumvi apunguze na dawa anywe kila siku hata akijisikia mzima. Nikamwambia wewe umevunja neno langu. Akasema, "Pankrasi, mkwe ni wako, presha ni yangu. Nikianguka na cherehani, utakuja kushona wewe?"

Sitamsemesha mpaka palizi ya pili.

15 Januari

Nimemsemesha, maana leo ilibidi aone.

Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, umeanza kuwa mtamu, tulikaa kwa mama Lidwina tunakunywa, mvua inanyesha nje. Vijana wakaanza maneno, wazee siku hizi wanapimwa kama watoto wachanga. Bashiru akasema ndiyo, na bado mmoja anaogopa. Mimi nikavua katambuga. Kulikuwa na kaa limeruka kutoka mekoni, jekundu kabisa. Nikalikanyaga peku. Nikasimama juu yake, nikanywa kikombe changu chote, nikakiweka chini taratibu. Uso haukutikisika. Nikawauliza, nani anaogopa?

Hata vijana hawawezi hilo. Hata baba yangu hakuliweza, na baba yangu alikuwa mtu wa kutisha. Mguu wangu ni wa chuma. Nimeandika ili ijulikane.

16 Januari

Kuna lengelenge. Haliumi.

22 Januari

Leo nimekasirika kuliko siku zote na nitaandika yote.

Walburga alikuwa amezungumza nyuma yangu. Kamwambia mkwe kwamba nakunywa maji kupita kiasi, kwamba nimekonda, kwamba pale ninapokojoa nyuma ya migomba sisimizi wanajaa. Sisimizi! Mke wa mtu anakwenda kuhesabia mkojo wa mume wake wadudu. Imaculata akaomba mkojo kwenye chupa, Walburga akaupeleka bila kuniambia, ukapimwa, ukaonekana una sukari. Nikasema bila shaka una sukari, nimekunywa ulanzi. Walburga akasema mkwe ameshajua utasema hivyo, ndiyo maana nimepeleka wa asubuhi ya siku uliyokuwa hujanywa.

Halafu Bashiru akaja kusimama uani anasema kama mzee wa moto anaogopa kupimwa miguu, yeye atatangaza sokoni. Nikasema hapimwi mtu hapa, mkwe hanigusi. Imaculata akajibu kutoka nje, nyuma ya mlango, sauti ya chini, kwamba hatanigusa. Atakayenigusa ni mama. Yeye atasimama hukohuko nje na kusema tu la kufanya.

Sasa mtu atakataaje hapo? Mke wangu kunigusa si mwiko. Nikakaa kwenye kiti, mlango ukarudishwa nusu, mkwe nje kwenye baraza, Walburga amechuchumaa mbele yangu. Imaculata akaanza kuuliza na Walburga anajibu. Mama, ngozi ya kisigino ikoje? Imepasuka. Katikati ya vidole? Pamelowa. Weka vidole vyako juu ya mguu, pale katikati, unasikia mshipa unapiga? Napapasa. Sogea kidogo upande wa kidole kikubwa. Ee, unapiga, mdogo. Miaka yote hii Walburga hajanishika mguu, leo anaushika kama ananunua kuku.

Halafu mkwe akasema mama achomoe ujiti mmoja wa ufagio, ule ulio laini, na baba afumbe macho. Mama akimgusa nyayo, baba aseme ndiyo.

Nikafumba. Nikasema ndiyo. Nikangoja kidogo, nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo tena, kwa sauti, kama mgambo anavyoitika jina lake. Nikawa nawasikia kimya, nikajua wanashangaa. Nikaongeza moja.

Walburga akasema, "Baba Leonce, bado sijakugusa."

Bashiru alikuwa dirishani. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba hakucheka.

Na mkwe akasema kutoka nje, "Baba, nisamehe kwa neno hili. Kukanyaga moto usisikie siyo nguvu. Ndiyo ugonjwa wenyewe. Sukari imeua fahamu za miguu." Kasema niangalie nyayo kila asubuhi, nisitembee peku, niache ulanzi, nivae vile viatu, nianze dawa za sukari.

Nikaufunga mlango kwa teke. Nimeambiwa teke hilo lilinichubua. Sikujua.

23 Januari

Sisemi na mtu.

29 Januari

Mvua kubwa. Mahindi yamegeuka ya njano, yanadai mbolea. Nimevaa katambuga zangu makusudi, nimepita zahanati, nikapita tena. Dawa sinywi.

6 Februari

Walburga kaamka anasema ndani kuna panya aliyekufa. Kweli harufu ilikuwepo. Tumehamisha magunia, tumeinua kitanda, tumepekua juu ya dari ya mekoni, asubuhi nzima. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza, angalia pale, toa hiki. Tukitoka chumba, harufu inatoka. Tukiingia chumba, inaingia. Walburga akasimama, akaniangalia chini.

Panya alikuwa mimi.

Aliponivua katambuga ya kushoto, kiatu kilikataa kutoka, kimeshikwa. Msumari ulikuwa umenyooka, umesimama, umeingia chini ya kidole gumba, na pamekuwa peusi. Msumari wangu. Niliupinda mimi, nikaugonga mimi. Ulilegea lini sijui. Nimetembea juu yake shambani, kanisani, mbele ya zahanati nikijionyesha.

Siandiki zaidi.

8 Februari

Imaculata anasema hospitali ya mjini, leo. Amesema kutoka barazani. Walburga kamsomea kidonda kizima kwa mdomo, rangi, harufu, wekundu umefika wapi. Nimesema siendi. Nimesema mambo mengine pia, kwamba tangu aje nyumba hii imekuwa na mkosi, kwamba mwanamke anayeacha watoto kwenda kusoma magonjwa anarudi nayo kwenye mzigo. Nikadhani ameondoka.

Akasema, "Baba, leo wataomba kidole. Wiki ijayo wataomba goti."

Hakulia, hakujibu yale mengine. Ningependa angejibu.

10 Februari

Mvua. Siendi.

11 Februari

Siendi.

24 Februari

Nimerudi. Naandika nikiwa nimekaa, mguu juu ya kigoda.

Siku ile ya tarehe kumi na mbili nilitetemeka homa mpaka kitanda kikawa kinatembea. Leonce kaja na gari la mfanyabiashara wa mahindi, wakanipakia juu ya magunia mimi na Walburga, Bashiru amenishikia mwavuli njia nzima, yeye akiloa. Imaculata alikaa mbele kwa dereva ili asiwe karibu nami. Hata hapo. Mimi nakufa na yeye anashika heshima yangu.

Wamekata kidole gumba. Kimoja. Daktari alisema zingepita siku chache zaidi mguu mzima ungekwenda, na kwamba yule muuguzi aliyesema niletwe alijua anachosema. Nilimwambia ni mkwe wangu. Nilisema kwa kujivuna, kisha nikajikasirikia kwa kujivuna.

Dawa nimeanza. Ulanzi nimeacha. Kila mtu anayekuja kunipa pole anataka kuona. Hapaonyeshwi.

2 Machi

Jana Jumatano ya Majivu. Padre kanipaka nikiwa nyumbani. Mwaka huu sina haja ya kujinyima kitu, nimeshanyimwa.

7 Machi

Kila asubuhi Walburga anasafisha kidonda na mkwe anamwelekeza kutoka nyuma ya mlango. Sasa Walburga anajua mambo. Juzi amemwambia mama Lidwina wa ulanzi anyooshe mguu aone mshipa. Nyumba yangu imekuwa darasa na mimi ndiye dawati.

Katambuga sitengenezi. Nyundo nimeiweka kando.

14 Machi

Mwalimu amekuja. Mwalimu Judica, mwanamke mnene mwenye miwani, kwao si huku, anatokea Kaskazini, sauti yake haijui kunong'ona. Walizungumza barazani, mimi ndani nimekaa na mguu wangu, nimesikia kila neno.

Kasema kazi ya Imaculata ni nzuri, wanawake wamehudumiwa vizuri. Halafu akauliza wanaume wako wapi. Mwezi wa kumi na mbili hadi leo, kijiji kizima, mwanaume mmoja tu fundi cherehani? Nikangoja. Nilijua atasema, ni baba mkwe, aliwakataza. Ndiyo haki yake. Ningekuwa mimi ningesema, na ningetaja jina.

Imaculata akasema, "Ni msimu wa palizi, mwalimu. Wanaume wako mashambani."

Walburga alikuwa jikoni. Akaniangalia mimi kupitia mlango wa kati, akarudi kuinamia sufuria.

Basi mwalimu akasema amwonyeshe yule mgonjwa wa mguu, aliyeandikwa sana kwenye kazi yake. Ikawa kama siku zote. Mlango nusu, mkwe nje, Walburga mbele yangu, mama bonyeza hapa, mama angalia pale. Mwalimu kasimama ndani mikono nyuma. Ilipokwisha akatoka, na hakupunguza sauti.

Kasema, "Wewe umepima mlango."

Imaculata akaeleza habari za mkwe, kwa heshima, kidogo tu. Mwalimu akasema anaelewa, kwao pia kuna ya kwao, lakini digrii hii ni ya mtu anayeshika mgonjwa kwa mikono yake, anaona mwenyewe, anaamua mwenyewe. Jumatatu anarudi kutoka mjini. Siku hiyo mkwe ampime mwanaume mzima kutoka kichwa mpaka mguu, mbele ya macho yake. Bashiru peke yake hatoshi, ameshamwona. La sivyo anarudia mwaka mzima hukohuko ng'ambo. Mkwe akasema sawa mwalimu.

Sawa mwalimu! Nilitaka kupiga kelele. Huyu mwanamke wa miwani anakuja kwenye nyumba yangu anaita heshima yetu mlango. Na yule mwingine anakubali. Na wanaume wa kijiji hiki wote wamejificha kwenye mahindi kwa sababu ya neno langu, na yeye analifunika neno langu kwa palizi.

Baadaye kaja kupiga magoti pembeni. Kasema baba usiwe na wasiwasi, nitatafuta mtu mwingine kabla ya Jumatatu.

17 Machi

Hajapata. Kazunguka nyumba kwa nyumba kwenye matope. Wanaume wanamjibu, mzee Pankrasi alisema. Mmoja katoka kwa mlango wa nyuma.

Nimemuuliza Walburga kwa nini watu wa hapa ni wajinga hivi. Kasema, "Wanakutii. Ndicho ulichotaka."

18 Machi

Nimekaa na hasira siku nzima na sijui niipeleke kwa nani.

Liko jembe. Jipya, halijaingia udongo, nimelichomeka chini ya paa. Kwetu mwiko wa mkwe unafunguliwa kwa jembe. Baba mkwe anatoa jembe jipya mbele ya watu, analiweka chini, mkamwana analiokota, na kuanzia hapo anaweza kumgusa. Lakini sikilizeni nani hutoa jembe. Hutoa mzee aliyekwisha. Anayelazwa, anayeogeshwa, anayelishwa kwa kijiko, hana tena mke wala binti wa kumshika. Baba yangu hakutoa. Alikufa akiwa amekaa. Ukitoa jembe umetangaza kwamba wewe sasa ni mzigo wa kubebwa, na hurudishi tena neno hilo, jembe halirudi.

Mimi bado natembea. Kwa fimbo, lakini natembea.

19 Machi

Jumapili. Nimekwenda kanisani kwa fimbo. Baada ya misa nikasimama palepale nje. Nikawaambia, nani aliwaambia msiende kwa mke wa Leonce? Wakasema wewe mzee. Nikasema haya, sasa nawaambia mwende, na atakayetoka kwa mlango wa nyuma nitamfuata na vidole hivi vilivyobaki. Mmoja akaguna kwamba nilisema mwenyewe mkwe wangu ni mkwe wa kijiji. Nikamwambia kila kitu siku hizi ni huria, hata neno langu.

Na nikawaambia kesho asubuhi waje nyumbani kwangu. Wakauliza kuna nini. Nikasema mje mtaona.

20 Machi

Wamekuja wengi, na wanawake, na Leonce kutoka Majengo. Mvua ilikuwa manyunyu. Mwalimu Judica kafika na gari, akakuta uani watu kama kwenye msiba.

Nilikuwa nimekaa barazani, siyo ndani. Jembe magotini. Imaculata alipoliona alisimama kabisa. Akatikisa kichwa, akasema baba, hapana, mimi nitarudia mwaka, si kitu. Leonce naye akaanza, baba, baba. Nikawaambia wanyamaze wote, hii ni nyumba ya nani?

Bashiru akasema, "Pankrasi, au tuanze kuchimba kaburi kabisa na jembe hilo?"

Nikamwambia, "Anza na lako. Lako fupi, halitachosha mtu."

Watu wakacheka, nami nikapata nguvu ya kuinama. Nililiweka jembe chini mbele yangu. Nikasema mkamwana, okota. Mikono ilikuwa inanitetemeka, kwa hasira, iandikwe kwamba ni kwa hasira. Imaculata kapiga magoti akaliokota kwa mikono miwili, akampa Walburga amshikie. Halafu akanyanyua uso. Miaka yote ya ndoa yao sikuwahi kumwona macho. Ana kovu dogo juu ya jicho. Mke wa mwanangu ana kovu na sikujua.

Akanawa. Akapima presha yangu, akasikiliza kifua, akanishika shingo, tumbo, akaniangalia macho na mdomo, kila kitu anauliza kwanza, baba naomba nishike hapa. Mwisho akakaa chini kabisa, akafungua kitambaa, akaupakata mguu wangu wa kushoto kwenye mapaja yake. Ule wenye pengo. Mikono yake miwili ikaukumbatia mguu, mmoja chini ya kisigino, mwingine juu ya nyayo.

Nilikuwa nangoja. Nilijiambia, sasa utasikia mkono wa mkwe, jambo ambalo baba yako na babu yako hawakulisikia. Nikangoja. Nilikuwa naona vidole vyake vinabonyeza, naona ngozi inaingia ndani na kurudi. Naona kwa macho. Mguu ulikuwa kama wa mtu mwingine aliyekaa kwenye kiti changu.

Nimetoa jembe langu mbele ya kijiji kizima, nimejitangaza mzee aliyekwisha, akanishika, na sikusikia kitu.

Akasema baba, fumba macho. Akachukua ujiti wa ufagio. Nikafumba. Safari hii sikusema neno. Kimya kikawa kirefu mpaka nikamsikia mwalimu anasogea, nikasikia mtu ananong'ona mzee amesusa. Sikususa. Nilikuwa sisemi kwa sababu hapakuwa na cha kusema. Kisha, juu ya kifundo, karibu na pale ngozi ya mguu inapoanza kuwa na vinyweleo, kitu kikanitambaa, kidogo kama sisimizi.

Nikasema, "Ndiyo."

Akarudia palepale. Ndiyo. Upande wa pili. Ndiyo. Nikafumbua macho nikamwona anachora mstari kwa kalamu ya wino kuzunguka mguu wangu, pale fahamu zinapoanza. Akasema taratibu, kwa ajili yangu tu, kwamba chini ya mstari huu, baba, macho ndiyo yatakayosikia. Kila asubuhi.

Mwalimu Judica kaandika, kafunga kalamu yake. Kamwambia, "Sasa umempima mtu." Akanigeukia akanishukuru. Nikamwambia asinishukuru mimi, ashukuru mlango, ulifundisha miezi miwili.

Wanaume walipanga foleni kuanzia barazani mpaka kwenye migomba. Bashiru alikuwa anawapanga kwa urefu, mwenyewe akaingia wa mwisho.

21 Machi

Mvua. Mstari bado upo, sijaunawa.

16 Aprili

Pasaka. Imaculata amesafiri, amekwenda kumalizia masomo. Kaniaga kwa mkono. Nilimpa. Watu barabarani walitazama, nami nikawatazama mpaka wakainamisha vichwa.

Mahindi ni mafupi. Wenye malori wameshaanza kuja kuyaangalia shambani, wanayapapasa kama yao.

23 Aprili

Mvua imekatika, siku ya tano sasa hakuna wingu. Masika yamekwisha, na mimi nimemaliza. Jioni nitamsomea Bashiru yote, na pale dirishani ambapo hakucheka nitapasoma mara mbili.

Vile viatu vya kafa Ulaya nimevivaa. Walburga alivikausha zamani, akavificha, alijua. Vinanienea. Hilo nalo linaniudhi, kwamba mtu fulani huko mbali alikuwa na miguu sawa na yangu. Kabla ya kuvaa natia mkono ndani, napapasa mpaka mwisho kwa vidole vya fundi, natafuta msumari ambao najua haupo. Halafu nageuza nyayo, nashika kioo cha Walburga, naangalia kisigino, naangalia katikati ya vidole vilivyobaki.

Wino umeshafutika. Lakini mahali pake napajua. Leo asubuhi nimeangalia chini ya hapo, pazima. Kisha nikalisikia jembe langu linalima nyuma ya nyumba, mkwe kamwachia Walburga analitumia, na nikakasirika upya mpaka chai ikapoa.